Vibao Sitini vya Fundi Nukta

Watu walimwita Fundi Nukta kwa sababu ya ubishi wake wa vipimo. Ukimpelekea mlango uliopungua upana wa kucha, alikuambia kwamba mlango huo si wa nyumba yako, urudi ukamtafute mwenyewe. Alikuwa na penseli nyuma ya sikio, rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, na kauli moja ambayo wateja waliijua kabla hajafungua mdomo: "Nukta haizidi, nukta haipungui." Miaka thelathini na saba alifanya kazi katika karakana ile ile, banda refu la mabati lenye meza mbili za kupigia randa na dirisha moja lisilofunga vizuri. Ndiyo, fundi wa vipimo alikuwa na dirisha bovu. Mkewe alilisema sana akachoka.

Mkewe huyo huyo alipenda kusema kwamba mume wake akifika mbinguni hataingia kwanza, ataomba apime kizingiti. Watu walicheka, na yeye Fundi alicheka pia, kwa kuwa aliona amesifiwa. Ni kweli vitanda vyake havikulia usiku na meza zake hazikuyumba. Lakini katika miaka yote hiyo, kama aliwahi kutamka neno "nimekosea," basi alimtamkia Mungu peke yake, maana binadamu aliyelisikia hayupo.

Alikuwa na watoto wanne. Wa mwisho, binti ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa kwa jinsi alivyojua kulainisha mbao, alipoteza kusikia akiwa na miaka miwili baada ya homa kali. Akiwa na miaka saba alipelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi, ile yenye ukuta wa kijani mwisho wa barabara. Aliingia huko akiwa bado anang'ata watu wanaposhindwa kuelewa anachotaka. Akatoka anaandika barua, anapiga hesabu, na anamtania baba yake kwa mikono yote miwili. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, anafanya kazi na baba yake, na Fundi hakuwahi kupita mbele ya ule ukuta wa kijani bila kuvua kofia. Hakuwa akimvulia mtu. Alikuwa akiuvulia ukuta.

Basi ndiyo maana Mwalimu Mkuu wa shule ile alipomfuata na kumwomba kazi ya vibao, Fundi alikubali bila kumwachia amalize sentensi. Shule ilikuwa imeelemewa. Kila mwaka vitanda vilivyokuwa wazi ni kumi na viwili, na wazazi waliotaka nafasi walikuwa wengi mno. Wakaamua kutoa fomu sitini tu, na kila anayerudisha fomu apewe namba: wa kwanza moja, wa mwisho sitini. Kisha zipigwe kura. Mwanzoni walitumia vikaratasi, ikawa vurugu, huyu anadai kikaratasi cha fulani kilikunjwa kona, yule anadai cha kwake kiliganda ukutani mwa ndoo. Mwalimu Mkuu akataka vibao vya mbao, vya mviringo, vilivyofanana kiasi kwamba hata shetani asivitofautishe.

"Nitakutengenezea," alisema Fundi, "na atakayelalamika mlete kwangu na rula."

Alivichonga kwa msonobari, kila kimoja kikubwa kama kizibo cha chupa ya soda na unene wa kidole. Alivipima kimoja kimoja. Alipofika cha arobaini, ubao wa msonobari ukaisha. Pale chini ya meza kulikuwa na vipande vya mninga vilivyobaki baada ya kutengeneza kabati la mteja mmoja, akavitumia hivyo kumalizia ishirini vya mwisho. Kipimo kilikuwa kile kile. Akampa Msasa avipake vyote rangi nyeupe tabaka mbili, yeye mwenyewe akaandika namba kwa rangi nyeusi, akianza na moja, kwa mpangilio ule ule aliovichonga. Akatengeneza na sanduku lenye tundu la kuingiza mkono. Siku ya kura, dereva wa shule alifungwa kitambaa machoni, sanduku likatikiswa mara ishirini wazazi wakihesabu kwa sauti, kisha dereva akaingiza mkono na kutoa kibao kimoja kimoja hadi kumi na viwili. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu Mkuu alimsifu Fundi mbele ya watu, na Fundi akarudi nyumbani kifua mbele, akamsimulia mkewe hadithi hiyo hiyo mara tatu.

Ikaenda hivyo miaka mitatu. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya kura, vibao vililetwa karakana ili Fundi afufue namba zilizofifia. Na ilikuwa ni katika wiki hizo mbili za mwaka wa nne, asubuhi, vibao vikiwa vimepangwa mezani juu ya gazeti, mwanamke mmoja aliposimama mlangoni na mtoto wa kike.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Ni kiti au kitanda?"

"Si kiti wala kitanda. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sasa ni nini?"

"Ni kura," alisema yule mwanamke. "Mlinzi wa shule kaniambia vibao unatengeneza wewe."

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kanga yake ina vumbi la kahawia ambalo halikuwa la barabarani. Alisema anafanya kazi kwenye ghala la nafaka, mbali, safari ya saa tano kwa basi. Kazi yake kupepeta maharage kabla hayajatiwa kwenye magunia. Mtoto alikuwa wake, ana miaka tisa, hasikii tangu kuzaliwa. Mara tatu alikuwa amechukua fomu, mara tatu akakosa. Sasa fomu ya nne amerudisha, na miezi miwili ijayo mtoto anatimiza kumi. Shule haipokei aliyetimiza kumi.

"Pole sana," alisema Fundi, na alimaanisha. "Lakini kura ni kura, mama. Mimi siwezi kumpendelea mtu."

"Sikuja kupendelewa." Mwanamke alitoa kwenye mkoba kadi ya kliniki ya mtoto, imechakaa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na namba zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, mistari mitatu, kila mstari namba kumi na mbili. "Hizi ni zilizotoka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi kila mwaka namba yangu ni ya juu, kwa sababu naishi mbali, fomu yangu inachelewa kufika. Arobaini na nne. Hamsini na nane. Hamsini na moja. Hebu nitafutie hapo namba zilizozidi arobaini."

Fundi alivaa miwani akatafuta. Mstari wa kwanza aliona moja. Wa pili mbili. Wa tatu moja.

"Nne," alisema mwanamke. "Katika thelathini na sita."

Sasa hapo Fundi Nukta akafanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote, akafundisha. Alimvutia mgeni kigoda, akamwonyesha vibao. Vibao sitini, alisema, vyote mviringo mmoja, vyote unene mmoja. Anayechukua hana macho. Kwa hiyo kila kibao kina nafasi sawa na mwenzake, hakuna mkubwa wala mdogo. Ishirini katika sitini ni theluthi moja, basi namba za juu ya arobaini zinapaswa kuwa nne katika kila kumi na mbili. Hesabu hiyo haihitaji hata kufungua sanduku, unaipiga umekaa kitandani.

"Nne kila mwaka," alisema mwanamke. "Kwa miaka mitatu ni kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Umeelewa vizuri."

"Zimetoka nne."

"Hiyo ni bahati, mwanangu. Hata sarafu ukiirusha inaweza kulalia upande mmoja mara tano mfululizo. Haina maana kwamba sarafu ni mbovu."

"Nakubali. Ndiyo maana sikuja mwaka wa kwanza, wala wa pili." Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Wewe unaniambia inavyopaswa kuwa. Mimi nakuambia ilivyokuwa. Naomba nivishike."

Fundi alisita, kisha akamsogezea gazeti. Mwanamke hakuangalia namba. Aliokota kibao kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, akaviacha vikae tu viganjani kama anasikiliza. Akavirudisha, akaokota vingine. Mara ya tatu akainua mkono wa kushoto.

"Hiki kizito."

Fundi alitazama. Kilikuwa hamsini na tano. "Vina kipimo kimoja hivyo," alisema.

"Kipimo cha rula. Mimi sijasema rula." Aliweka kibao chini. "Mwaka wa kumi na moja huu napepeta maharage, Fundi. Ukitikisa ungo, kizito kinashuka, chepesi kinapanda. Hata mawe ndivyo tunavyoyapata, yanakaa chini. Na yule dereva wenu, nimemwangalia vizuri, anachota juu juu, hafiki chini. Nani afike chini, tundu lenyewe mkono unaishia kwenye kiwiko?"

Fundi aliona joto linampanda shingoni. Aliona pia kwamba Msasa ameacha kazi, anawatazama midomo. Akasema kwa adabu ya kumfukuza mtu, "Nitaliangalia."

"Liangalie, baba yangu." Mwanamke alisimama, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Huyu mtoto hajui kama ana jina. Miaka tisa. Akinitaka ananivuta nguo, hana hata ishara moja ya kuniita mimi mama yake. Akiumwa nabahatisha, nashika hapa, nashika pale, mpaka alie. Huu ndio mwaka wake wa mwisho."

Mtoto wakati huo alikuwa amejisogeza hadi kwenye meza ya Msasa, anapitisha kidole juu ya ubao uliolainishwa. Msasa alimgusa bega, akajipiga kifuani mara mbili, akamfanyia ishara ya jina lake mwenyewe, kiganja kikisugua kiganja. Mtoto alitazama mikono ile kwa muda mrefu sana. Hakuirudia. Mama yake akamshika mkono, wakatoka kuwahi basi.

Fundi alirudi kwenye kazi. Alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kupita kipimo, jambo ambalo halijawahi kutokea, akautupa. Msasa akaja akasimama mbele yake na kusema kwa mikono: nilikuambia siku ile ya rangi.

Akakumbuka. Siku ile binti yake alikuwa amemshika mkono, akamwekea kibao kwenye kila kiganja, akainua mkono mmoja na kushusha mwingine mfano wa mizani. Naye alijibu nini? Alitoa rula mfukoni akamwonyesha. Haidhuru, kipimo ni kimoja. Msasa akainua mabega akaendelea kupaka rangi. Mtu mwenye kujua kazi yake ana ugonjwa mmoja, anapima kile anachojua kukipima, na kile asichojua kukipima anakiita hakipo.

Wakachukua sanduku la kura lililokuja na vibao. Fundi alitikisa mara ishirini, Msasa akafumba macho akatoa vibao kumi na viwili, wakaandika ubaoni kwa chaki: vya juu ya arobaini, kimoja. Wakarudisha, wakatikisa tena. Viwili. Tena. Sifuri. Mpaka mchana walikuwa wamefanya mara kumi. Vibao mia moja na ishirini vilikuwa vimetoka, na theluthi yake ni arobaini. Ubao ulisema kumi na tatu.

"Bado ni bahati," Fundi alimwambia binti yake. Msasa alimtazama jinsi wanawake wanavyomtazama mwanamume anayetafuta miwani aliyoivaa.

Wakaendelea siku ya pili na ya tatu, wateja wanagonga wanaambiwa warudi wiki ijayo. Mkewe alipoleta chai alikuta mume wake, mtu mzima mwenye mvi, anatikisa sanduku kama mtoto na chaki imemjaa puani. Aliuliza kuna nini, akaambiwa, akakaa chini na kuanza kuwasaidia kuhesabu. Kila duru Fundi alingoja vile vizito vitoke vingi ili vifidie, na kila duru vilitoka kimoja, au viwili, au havikutoka kabisa. Mara moja tu vilitoka vinne, akashangilia peke yake. Mara ya kwanza unaweza kuiita bahati. Mara ya kumi unaweza kuiita tetesi. Walipofikisha mara mia moja, vibao elfu moja na mia mbili vikiwa vimepita mikononi mwa Msasa, hesabu ya kitandani ilitaka mia nne. Ubao ulisema mia moja ishirini na saba.

Fundi alikaa kwenye kigoda. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, huzuni isiyo na pa kwenda. Kwa kuwa aliandika namba kwa mpangilio wa kuchonga, mninga wote, mbao nzito kuliko msonobari, uliangukia watu wa namba za mwisho, na watu wa namba za mwisho ni wale wanaoishi mbali, wanaosafiri kwa basi muda wa saa tano, ambao fomu zao huchelewa. Laiti angevichanganya kwanza ndipo aandike, uzito ungemwangukia yeyote. Hakuvichanganya. Miaka mitatu watu wale walipanda basi kuja kuingiza namba zao kwenye sanduku lake, wakarudi wakisema Mungu hakupanga.

Alichonga vibao vipya, akavitengenezea na sanduku jipya. Safari hii alinunua ubao mmoja mrefu wa msonobari, vyote vikatoka humo. Aliazima mizani ndogo kwa muuza dawa wa jirani, akavipima kwa uzito, kile kilichozidi akakikwangua. Msasa akavimwaga kwenye ndoo, akavivuruga, ndipo baba yake akaandika namba kwa jinsi kila kimoja kilivyokuja mkononi. Wakatikisa tena mara mia moja, siku tatu nyingine. Za juu ya arobaini zikatoka mia nne na tisa.

Msasa alitaka kujua hizo tisa zimetoka wapi. Mbona si mia nne kamili, wewe mtu wa nukta? Baba yake alifikiri, kisha akajibu kwa mikono polepole, kama mtu anayeokota maneno sakafuni. Mia nne ni ya kwenye karatasi. Mkono hauifikii barabara, utapita kidogo au utapungua kidogo, na ukizidi kurudia utaisogelea. Tisa ni mchezo wa mkono. Lakini mia mbili sabini na tatu tulizopungukiwa mwanzo, huo haukuwa mchezo wa mkono.

Siku mbili kabla ya kura alikwenda kwa Mwalimu Mkuu na masanduku mawili, la zamani na jipya, akamweleza yote. Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo, mchapakazi, aliyelala saa chache kuliko wanafunzi wake. Alifunga mlango wa ofisi.

"Fundi, nani mwingine anajua?"

"Mke wangu, binti yangu, na yule mama."

"Basi tutumie vipya, tuendelee. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Na yule mtoto?" aliuliza Fundi. "Ana miaka tisa na miezi kumi. Hawezi kupewa kitanda kimoja bila kura?"

Mwalimu Mkuu aliweka mkono juu ya sanduku la zamani. "Vitanda ni kumi na viwili. Nikimpa yeye, nimemtoa mtoto mwingine ambaye hajui chochote. Na waliokosa miaka hiyo si yeye peke yake. Wengine wameshapita umri, hata sijui wako wapi. Nikianza kulipa, Fundi, nitamlipa nani nimwache nani?"

Lilikuwa swali la haki, na Fundi hakulibishia. Alichoomba ni kwamba wazazi waambiwe. Mwalimu Mkuu hakupenda, lakini hakukataa.

Siku ya kura ukumbi wa kulia chakula ulijaa. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Yule mama mpepetaji wa maharage alikuwa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, namba yake hamsini na saba, mtoto amemlalia pajani. Fundi alisimama mbele ameshika kofia. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake njia nzima, na yakatoka hivi:

"Ndugu wazazi, vibao vya zamani vilikuwa na kasoro. Vingine vilizidi uzito. Namba za juu ya arobaini zikawa hazitoki sana. Kasoro imerekebishwa, hivi vya leo vimepimwa."

Angalieni jinsi lugha yetu inavyomhurumia mkosaji. Vibao vilikuwa na kasoro, kana kwamba vilijichonga. Kasoro imerekebishwa, kana kwamba ilikuwa bomba. Kelele zikazuka. Baba mmoja ambaye mwanawe aliingia mwaka uliopita na sasa alikuja kwa ajili ya mdogo wake, alisimama kuuliza kama wa kwake ataambiwa aliiba. Mwanamke mmoja wa namba arobaini na tisa alilia kwa sauti. Mwalimu Mkuu akawatuliza, akasema hakuna atakayetolewa, na hakuna kitanda kinachoweza kuongezeka. Mpepetaji alikuwa anamtazama Fundi, na Fundi alikuwa anatazama kofia yake.

Sanduku likatikiswa, ukumbi ukihesabu hadi ishirini. Dereva akafungwa kitambaa.

Kumi na tisa. Thelathini na mbili. Hamsini na nne, na kule nyuma mtu akapiga kigelegele ambacho kilikuwa nadra kusikika upande ule wa ukumbi, walikokaa watu wa namba za juu. Saba. Arobaini na sita. Ishirini na nane. Fundi alijikuta anasali, na alichosali ni namba moja tu, jambo ambalo lilikuwa upendeleo mtupu, naye alijua. Hamsini na moja. Mbili. Thelathini na tisa. Sitini. Kumi na nne. Ilibaki moja. Msasa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa ameshika mkono wa mtoto. Dereva alizungusha mkono ndani ya sanduku, akatoa kibao, Mwalimu Mkuu akakisoma.

Arobaini na moja.

Watano wa juu ya arobaini katika kumi na wawili. Hesabu ya kitandani ilitaka wanne. Vibao vilikuwa vimefanya kazi yao, tena vizuri, na hamsini na saba ilikuwa imebaki ndani ya sanduku.

Watu walitoka kwa makundi, wengine wakikumbatiana. Fundi alingoja nje, kwenye kivuli cha ukuta wa kijani. Mpepetaji alipotoka na mtoto wake hakumkwepa, alimjia moja kwa moja.

"Nimekuja kukuaga, baba."

"Mwanangu, sijui niseme nini."

"Ya leo sina neno nayo," alisema. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Leo nimekosa. Watu arobaini na wanane tumekosa, mikono mitupu sote. Ningekosa hivi mwaka wa kwanza ningelia nikanyamaza. Lakini ile miaka mitatu, Fundi, ile sikukosa. Ile nilinyimwa."

Fundi Nukta alifungua mdomo. Neno kasoro lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limeshatumika mara moja siku ile, lingeweza kutumika tena. Akalimeza.

"Ulinyimwa," alisema. "Na aliyekunyima ni mimi. Binti yangu aliniambia vizito, nikakataa kumsikiliza. Nimekosea."

Mwanamke alimtazama kidogo, kama alivyovipima vile vibao viganjani kabla ya kuvirudisha mezani. Hakusema amesamehe. Aliinamisha kichwa mara moja kuonyesha amesikia, akaifunga vizuri kanga yake, akamgeukia mtoto kumwambia kwamba wanaondoka. Na kwa kuwa hakuwa na namna ya kumwambia, alimvuta nguo.